Faili Lisilo na Vitenzi

Kazi ninayoifanya kila Jumamosi ni ya kusoma, ingawa wenzangu wa darasa la Kiswahili hawaamini nikiwaambia hivyo. Katika karakana moja ndogo hapa Kampala hutengenezwa visanduku vya kupima halijoto ya maziwa. Kisanduku hufungwa kando ya tangi la kupozea maziwa kwenye kituo cha ushirika huko magharibi mwa Uganda. Kinapima joto, kinaandika saa, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Ndani yake mna kompyuta isiyozidi kiganja, inayoendeshwa na kiini cha Linux, na pamoja na kiini hicho huenda faili moja linaloeleza vifaa vilivyomo kwenye bodi. Mtu akitaka kubadilisha faili hilo, sharti mtu mwingine alisome badiliko lake kwanza, alikubali au alikatae. Mtu huyo mwingine, tangu mwaka jana, ni mimi.

Nasomea ualimu wa Kiswahili na kompyuta, mwaka wa tatu. Injinia mwenye karakana aliniita kwa ajili ya kompyuta. Nimeendelea kukaa pale kwa ajili ya Kiswahili, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza hapa.

Kwanza faili lenyewe, kwa kuwa najua wasomaji wengi wa mkusanyiko huu ni watu wa fasihi na isimu. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na vifaa moja kwa moja. Kwenye kompyuta ya mezani, vifaa vingi hujitambulisha vyenyewe. Ukichomeka flashi, inapiga hodi, inataja namba ya kampuni iliyoitengeneza na namba yake yenyewe, na kiini kinajua kiikaribishe vipi. Vifaa vya bodi ndogo havina adabu hiyo. Kihisio cha joto kilichounganishwa kwa nyaya mbili za I2C hakipigi hodi. Kimekaa kimya kwenye anwani yake kikisubiri kuulizwa, na vingi vya aina hiyo havina hata mahali pa kuhifadhi jina lao. Ukikiuliza kinakupa namba. Namba ya nini, kwa kipimo gani, hilo ni juu yako. Kwa hiyo lazima mtu akiambie kiini mapema: kwenye njia hii, anwani hii, kuna kifaa fulani, kilichotengenezwa na fulani.

Zamani maelezo hayo yaliandikwa ndani ya kiini, kwa lugha ya C, na kila bodi ilikuwa na mafaili yake. Vichakato vya ARM vilipoenea kwenye simu na mashine ndogo ndogo, mafaili hayo yakajaa hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani kwa maneno ambayo mhadhiri wangu asingependa niyatafsiri. Watu wa ARM wakaanza kuhamia utaratibu uliokuwa tayari unatumika kwenye vichakato vya PowerPC, ambao asili yake ni Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994. Utaratibu huo ndio mti wa vifaa. Maelezo ya bodi yakatolewa nje ya kiini, yakaandikwa kwenye faili la peke yake, na kiini kimoja kikaweza kwenda kwenye bodi nyingi, kila bodi ikiwa na mti wake.

Unaitwa mti kwa sababu una shina na matawi. Juu kuna bodi nzima, chini yake kichakato na njia zake, chini ya kila njia kuna vifaa vilivyofungwa hapo. Kila kifaa kina kijisehemu chake, tunakiita nodi, chenye jina, anwani na orodha ya sifa. Sifa iitwayo "compatible" inataja mtengenezaji na aina ya kifaa. Iitwayo "reg" inataja anwani. Iitwayo "status" inasema kama kifaa kiko tayari au kimezimwa. Nilipousoma mara ya kwanza nilitafuta kitenzi nikakosa. Faili zima halina amri hata moja: hakuna soma, hakuna andika, hakuna subiri. Kuna majina na vivumishi tu. Programu nyingine zote nilizofundishwa chuoni zinaamrisha. Hili linaeleza, halafu linanyamaza.

Tena lina upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili nomino ndiyo inayotawala. Ukishasema kisu, kila kinachofuata kinavaa ki-: kisu kikali kimoja kimepotea. Katika mti wa vifaa, kila tawi lenye watoto hutangaza kwanza kwamba anwani ya mtoto itaandikwa kwa namba ngapi na ukubwa wake kwa namba ngapi. Chini ya kichakato, kwenye bodi yetu, kila mtoto huandikwa kwa namba mbili, yaani mahali eneo lake linapoanzia kwenye kumbukumbu na urefu wa eneo hilo. Chini ya njia ya I2C mtoto huandikwa kwa namba moja, kwa kuwa kihisio hakina eneo la kumbukumbu, kina anwani basi. Mtu akinakili mistari kutoka tawi moja kwenda jingine bila kuangalia aliyetawala, ameandika "kisu mkali mmoja wamepotea".

Makosa ya namna hii hayaninyimi usingizi, maana kuna programu za kuyanasa. Ya kwanza ni dtc, inayogeuza maandishi kuwa faili la mashine. (Baiti nne za kwanza za faili hilo la mashine husomeka d00dfeed. Wahandisi nao wana utani wao.) Ya pili hulinganisha kila nodi na sheria za kifaa chake zilizoandikwa kwa YAML. Ni karibu mwaka 2018 ndipo kiini cha Linux kilipoanza kuzihamishia huko. Kabla ya hapo zilikuwa maelezo ya kawaida, ya kusomwa na binadamu kwa macho. Programu hizi mbili ni walimu wakali wa sarufi. Lakini sentensi "Kiti kimekula ugali" haina kosa lolote la upatanisho, na hakuna kiti kilichowahi kula ugali. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Nitoe mfano. Bodi yetu ina saa ndogo yenye betri, DS3231, inayotunza wakati umeme ukikatika. Anwani yake ni 0x68 na huwezi kuibadilisha. Mwaka jana, baada ya kisanduku kimoja kuibwa pamoja na paneli yake ya sola, iliamuliwa kiongezwe kihisio cha mtikisiko, MPU-6050, ili kisanduku kipige kelele kikisogezwa. Nacho anwani yake ya kawaida ni 0x68. Wapangaji wawili wamepewa namba moja ya mlango: ukiita, wanaitika wote kwa pamoja na husikii neno la yeyote. Mtengenezaji wa MPU-6050 aliliona tatizo hilo, akaweka pini iitwayo AD0. Ukiiunganisha na ardhi anwani ni 0x68, ukiipa umeme inakuwa 0x69.

Mwanafunzi mmoja wa mazoezi ndiye aliyepewa kuandika nodi hiyo. Aliandika 0x68, dtc ikalalamika kwamba kuna nodi mbili zenye anwani moja. Akabadilisha ikawa 0x69, dtc ikanyamaza, akaniletea badiliko. Lilikuwa safi. Kila herufi mahali pake, programu zote mbili zimelipitisha bila neno. Nilimwomba fundi wa bodi mchoro wa saketi tukaifuata pini ya AD0 kwa kidole. Ilikuwa imeunganishwa na ardhi. Kihisio kilikuwa bado kinaishi 0x68; kilichohama ni maandishi peke yake.

Mwanafunzi yule hakuwa mvivu, na sidhani kama alikuwa anadanganya kwa maana tunayoijua. Shule zetu zimetuzoesha kwamba mwalimu akiacha kuzungushia wekundu basi jibu ni sahihi. Fundi alikata uzi wa shaba kwenye bodi ya majaribio kwa wembe, akaunganisha pini na umeme kwa waya mwembamba, na kuanzia hapo 0x69 ikawa kweli. Badiliko lilelile, bila kuguswa hata herufi, nikalikubali.

Ndiyo maana huwa sianzi kusoma kabla sijaweka mchoro wa saketi upande mmoja na karatasi ya mtengenezaji upande mwingine. Kwenye sifa za umeme nasoma polepole zaidi. Mti wa vifaa hutaja nguvu ya umeme kwa mikrovolti, kwa hiyo volti 1.8 ni 1800000 na volti 3.3 ni 3300000, na hapo sioni aibu kuhesabu sifuri kwa ncha ya kalamu. Namba ya anwani ikikosewa kifaa hakijibu, unajua kuna tatizo. Namba ya volti ikikosewa, kuna bodi ambazo hutapata nafasi ya pili ya kuziuliza.

Kuna ugomvi mwingine unaorudi karibu kila mwezi. Mtu anataka kisanduku kipime joto kila baada ya sekunde 30, na mahali rahisi pa kuandika namba hiyo anaona ni kwenye nodi ya kihisio. Kwa nini isikae hapo? Inahusu kihisio. Jibu langu ni swali: ukikichukua kihisio hiki ukakishika mkononi, hizo sekunde 30 ziko wapi? Anwani nitakuonyesha, ziko pini zinazoiamua. Volti ziko kwenye karatasi. Sekunde 30 ni matakwa ya mwenye tangi, na mwenye tangi mwingine atataka dakika tano. Wasimamizi wa kiini cha Linux wana msimamo huohuo na hawaulegezi: mti unaeleza kifaa, hauelezi programu inayokitumia. Wana sababu ya kutoulegeza. Maelezo ya bodi yanaweza kusomwa na programu ya kuwashia mashine kabla Linux haijaamka, yanaweza kusomwa na FreeBSD, na yanatakiwa yaendelee kusomeka na kiini kitakachoandikwa miaka kumi ijayo. Ukiweka humo matakwa ya leo, umemwachia deni mtu usiyemjua.

Sasa nifike kwenye badiliko lililonifanya niandike insha hii. Lilikuwa la neno moja.

Tulikuwa tukitumia kihisio cha joto cha TMP75. Mwezi wa pili vikaisha kwa muuzaji wetu. Vilivyokuwepo ni LM75, ambavyo vina miguu minane ileile, vinakaa kwenye nafasi ileile ya bodi, na anwani yake ya kwanza ni 0x48 kama ya wenzake. Injinia akanunua LM75 kwa bodi kumi na mbili ambazo ushirika mmoja ulikuwa umeshazilipia nusu, zilizotakiwa kuondoka Jumatatu. Kijana mmoja kutoka Goma, aliyejiunga nasi mwaka huu, ndiye aliyekabidhiwa kuzijaribu. Injinia alimwambia asiguse faili, kwa kuwa aliwasha bodi moja mbele yake ikasoma joto la chumba bila shida. Lakini kijana hakutulia. Ijumaa usiku akaandika badiliko: kwenye nodi ya kihisio, "ti,tmp75" ikawa "national,lm75". Maelezo aliyoyaambatisha yalikuwa maneno mawili ya Kiingereza yasiyosema kitu. Kiingereza chake ni cha kuokoteza hapa Kampala. Kwao alisoma kwa Kifaransa.

Asubuhi nilimuuliza kwa Kiswahili, ambacho ndicho tunachoelewana nacho sisi wawili. Mimi changu ni cha darasani na cha vitabu, yeye chake ni cha mtaani kwao.

"Dada, ile ya zamani ilikwisha ku soko," akaniambia. "Hii njo iko. Inaingia fasi moja. Lakini si ile moja."

Si ile moja. Nilimwomba anieleze kwa nini, naye akafungua karatasi mbili za watengenezaji, Kiingereza tupu, akanionyesha majedwali, maana jedwali halina lugha. TMP75 hutoa joto kwa biti 12, yaani hatua ya digrii 0.0625. LM75 hutoa kwa biti tisa, hatua ya nusu digrii. Rejista zote mbili ni za biti 16, na kwenye LM75 biti saba za mwisho hazina maana yoyote. Ukikiambia kiini kwamba hii ni TMP75, kitasoma biti 12, tatu kati yake zikiwa takataka, na kitakupa jibu lenye tarakimu nyingi baada ya nukta. Litaonekana sahihi kuliko lilivyo. Kijana huyu ambaye hajui kuandika sentensi mbili za Kiingereza alikuwa ameona kwamba faili letu lilikuwa linakwenda kusema uongo, na alikuwa amekaidi amri ili lisiseme.

Hata hivyo sikulikubali badiliko lake.

Faili lile ni moja kwa visanduku vyote. Vile vilivyokwisha kufungwa vijijini, vyenye TMP75, hupokea matoleo mapya kwa mtandao wa simu, kiini pamoja na mti wake. Badiliko lile lilikuwa la kweli kwa bodi kumi na mbili zilizokuwa mezani na la uongo kwa zile zote zilizotangulia. Kiini kikiambiwa kwamba kihisio ni LM75, hukata jibu kwenye biti tisa hata kama kifaa kinatoa kumi na mbili. Visanduku vya zamani vingeanza kupima kwa hatua za nusu digrii, na hakuna ambaye angejua, maana visingezimika wala kulalamika.

Je, nusu digrii ina uzito gani? Nimewahi kwenda na Injinia kwenye kituo kimoja cha maziwa. Wafugaji hufika asubuhi na mikebe yao, maziwa yanapimwa, yanamiminwa tangini na kupozwa hadi digrii 4. Umeme ukikatika usiku, tangi lililojaa halipati joto ghafla. Linapanda kidogo kidogo, na wadudu wa kuchachisha nao wanaamka kidogo kidogo. Programu ya kisanduku haisubiri joto lifike kikomo; inaangalia kama linapanda mfululizo, na ikiona hivyo inampigia mtunza kituo simu awashe jenereta. Kwa hatua za 0.0625 mpando unaonekana mapema. Kwa hatua za nusu digrii, joto linasomeka lilelile muda mrefu, kisha linaruka. Kwenye daftari la kituo kile niliona pameandikwa kwa kalamu, saa nane usiku, jenereta imewashwa. Chini ya mstari huo kulikuwa na lita za maziwa ya wafugaji wote wa jana yake, kila mmoja na jina lake. Wengine walileta lita nne.

Kwa hiyo nilimwandikia kijana kwamba badiliko lake ni la kweli lakini limewekwa mahali pasipo pake. Bodi zikiwa mbili, maelezo yawe mawili. Faili la zamani lisiguswe, liandikwe jipya la bodi B, na kisanduku chenyewe kijue kinapowaka kwamba ni A au ni B.

Injinia alipoyasikia hayo alikuja mezani kwangu. Si mtu wa kupaza sauti.

"Nnyabo," akaniambia, "inafanya kazi au haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi, Injinia."

"Basi?"

Kwa kweli swali lake lilikuwa la haki. Yeye ndiye aliyeahidi Jumatatu. Yeye ndiye analipa kodi ya karakana na mishahara ya watu watano, na alikuwa na nusu ya malipo ambayo haiji mpaka visanduku vifungwe. Nilimjibu kwamba Jumatatu inaweza kupatikana ikiwa atakubali mojawapo ya mambo mawili: visanduku vipya vionekane vina usahihi ambao havina, au vya zamani vipoteze usahihi walionunua wenyewe. Nikamwambia pia kwamba mstari wa mwisho wa kila badiliko una jina la aliyelisoma, na jina hilo ni langu.

Mstari huo tumeuiga kwa watu wa Linux. Kwao, anayeweka jina lake chini ya neno "Reviewed-by" anatangaza kwamba amelisoma badiliko kwa kina, ameyafikisha kwa mwandishi mashaka yake yote, na anaamini linafaa kuingia wala halina tatizo analolijua. Kisha wanaongeza kwamba tamko hilo si dhamana ya kuwa litafanya kazi. Naipenda nyongeza hiyo. Msomaji hadai kwamba ameona kila kitu. Anadai tu kwamba hajaficha alichokiona, na mimi nilikuwa nimekwisha kukiona.

Injinia alikaa kimya, akatoka nje kupiga simu, akarudi akasema tuna wiki.

Njia ya kukifanya kisanduku kijijue aliivumbua kijana wa Goma, si mimi. Kwenye bodi kuna kijikumbukumbu kidogo kisichosahau umeme ukikatika, anwani 0x50, ambacho mchoraji wa saketi alikiweka tangu mwanzo kwa ajili ya namba ya toleo na hakuna aliyewahi kuandika kitu humo. Kumbukumbu ya namna hiyo ikiwa haijaandikwa husomeka FF kila mahali. "Hiyo utupu yenyewe ni jibu," kijana akasema. Bodi ikisomeka FF ni A. Zile kumi na mbili mpya tutaandika B. Programu ya kuwashia mashine itaangalia hapo kabla ya kuchagua mti wa kukipa kiini. Hakuna aliyetakiwa kusafiri kwenda kugusa visanduku vya zamani.

Badiliko la pili lilikuja Jumatano, na safari hii nilimwambia aandike maelezo kwa lugha anayoiweza. Kwenye kiini cha Linux chenyewe maelezo ni ya Kiingereza, lakini haya ni ya ndani ya karakana na hayatoki. Aliandika hivi: "Bodi B iko na LM75, haiko na TMP75, juu TMP75 ilikwisha ku duka. LM75 inapima kwa hatua ya nusu digri. Bodi A haibadilike. Memwari ya 0x50 njo inasema kama bodi ni A ao B." Mhadhiri wangu wa sarufi angejaza karatasi wino mwekundu. Mimi niliisoma mara tatu nikitafuta sentensi isiyo ya kweli, nikaikosa. Niliiacha ilivyo. Nilichomwomba aongeze ni jina la mchoro wa saketi alioutumia na tarehe yake.

Tulibishana jambo moja tu. Alikuwa amenakili faili zima la bodi A akabadilisha neno. Nilimtaka aandike sehemu ya pamoja mara moja, kisha kila bodi itaje kihisio chake peke yake, ili siku volti au anwani ya kitu kingine ikisahihishwa isisahihishwe upande mmoja ikasahauliwa upande wa pili. Aliona ni kazi ya bure kwa mistari michache. Labda ni kweli kwa bodi mbili. Alifanya nilivyomwomba, ila kwa uso ambao ulinionyesha hajakubali.

Maelezo yalipokuwa ya kweli, yalidai mambo mengine. Programu ya tahadhari ikabidi ijue kwamba kwenye bodi B haiwezi kuuona mpando mdogo, hivyo ianze kuonya kwa kikomo cha chini zaidi na ikubali kuamsha watu bure mara mojamoja. Injinia akabidi aupigie simu ushirika kuwaambia kwamba visanduku hivi havilingani na vile walivyoviona kwa jirani zao. Sikuwepo alipopiga. Najua tu kwamba walichukua sita kwa bei pungufu na wakasema watasubiri TMP75 kwa sita vilivyobaki. Vile sita viliondoka siku tisa baada ya Jumatatu iliyokusudiwa. Kijana alibandika kikaratasi chenye herufi B ndani ya kila kifuniko, kwa mkono wake, ingawa herufi hiyo tayari ilikuwa imeandikwa kwenye 0x50.